Kabla Hujamfumulia Mtoto: Matatizo ya Kushona kwa Nguo Kuukuu na Chanzo Chake

Kila Jumamosi baada ya alasiri natandika mkeka barazani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, na watoto wanakuja na matambara yao: khanga ya mama iliyopauka, shati la mtumba lililochoka kola, suruali ya jinzi iliyotoboka magoti, shuka lililobaki peke yake. Tunashona vitu vidogo vya nyumbani. Mkoba wa kubebea juzuu, kishikio cha sufuria, mwanasesere, kifuko cha kalamu. Juzi mvulana wa miaka 9 alinijia uso umemshuka. Mkoba wake ulikatika mkanda njiani, wenzake wakimtazama. "Bibi, mshono wangu mbovu," akasema. Nikauchukua nikausogeza mwangani. Mshono wake ulikuwa mzima, uzi haujakatika hata mahali pamoja. Kilichopasuka ni khanga yenyewe, nusu kidole kando ya mshono.

Nguo kuukuu ina magonjwa yake, na mengi huanza kabla sindano haijatungwa uzi. Imevaliwa, imefuliwa, imeanikwa juani miaka na miaka, halafu mtoto ndiye anayebeba lawama. Kwa hiyo kazi ikiharibika, chunguza kitambaa kwanza, kisha uzi, kisha sindano. Mikono ya mtoto iwe ya mwisho.

Mshono mzima, kitambaa kimepasuka kando yake

Hili ndilo linalonijia mara nyingi kuliko yote. Sababu ya kwanza ni uchovu wa kitambaa. Kila nguo huchoka mahali pake: khanga huchoka kiunoni inapokunjwa na kukazwa, na mahali pa kukalia, shuka huchoka katikati, pembeni likabaki zima, shati huchoka kola na viwiko, mgongo ukawa bado na nguvu. Mtoto akikata mkanda wa mkoba katikati ya shuka, ameshika sehemu dhaifu kuliko zote bila kujua.

Nyanyua kitambaa mbele ya mlango ulio wazi. Penye nguvu, mwanga unapita sawasawa. Pale palipochoka utaona madirisha madogo, nyuzi zimeachana. Halafu shika sehemu ndogo kwa vidole gumba viwili, uvute kufuata mtande, yaani nyuzi za urefu, kisha ugeuze uvute kufuata mshindio, yaani nyuzi za upana. Fanya yote mawili, kwa sababu khanga yaweza kuwa imara upande mmoja na upande wa pili ikachanika kama karatasi. Ukisikia mlio mdogo wa nyuzi kukatika, kitambaa hicho hakifai kubeba mzigo. Kitafaa urembo wa nje, au nguo ya mwanasesere.

Sababu ya pili ni koga. Pwani kwetu, masika yakiingia, nguo iliyokunjwa sandukuni bila kukauka vizuri hutoka vidoa vyeusi. Watu huvichukulia kama uchafu tu, lakini ule ni ukungu unaokula pamba, na ukivuta palipo na kidoa utaona panaachia. Dawa kali ya kung'arisha nguo nyeupe nayo huacha madhara ya namna hiyo, shuka likawa jeupe la kupendeza huku nyuzi zake zimekwisha.

Sababu ya tatu iko kwenye mshono: vituo, yaani hatua za sindano, ni vidogo mno, vimebanana. Kila kituo ni tundu, na matundu mengi kwenye mstari mmoja yanageuka mahali pa kuchania. Kwa khanga kuukuu, kituo cha milimita 3 kwa mkono kinatosha.

Tiba ya mkoba uliokwisha pasuka si kuanza upya. Kata kipande cha jinzi cha sentimita 8 kwa 8, kiweke kwa ndani nyuma ya mahali mkanda unaposhikia, ushone mraba kuzunguka pande zote, halafu shona ndani ya mraba huo mistari miwili inayopishana kutoka pembe hadi pembe. Mzigo sasa unabebwa na jinzi. Yule mvulana aliufanya mwenyewe mchana ule ule, akachagua uzi mwekundu ili uonekane.

Mkoba ulikuwa sawa, umefuliwa umekunjamana

Hapa kuna vitambaa viwili vyenye umri tofauti. Nje khanga kuukuu ambayo imekwisha rudi, ndani bitana mpya, pengine vipande tulivyopewa na fundi wa jirani. Khanga mpya hutoka dukani imekakamaa kwa wanga. Ikiingia majini mara ya kwanza wanga hutoka na kitambaa hurudi. Ya nje haikurudi, ya ndani imerudi, na mkoba umebaki na makunyanzi ambayo pasi haiwezi kuyatoa. Hakuna tiba nzuri zaidi ya kufumua bitana na kuweka nyingine, kwa hiyo kinga ndiyo kazi: kila kipande kifuliwe na kukauka kabla ya kukatwa, hata kile kinachoonekana kisafi.

Hapo hapo kwenye beseni ndipo utakapojua rangi inachuja au haichuji. Lowanisha tambara jeupe, lisugue kwenye sehemu nyekundu au nyeusi ya khanga. Likichukua rangi, usikishone kitambaa hicho pamoja na cheupe. Wengi husema iloweke kwenye chumvi. Mimi nimeloweka usiku kucha, asubuhi maji yalikuwa mekundu na bado ilichuja kwenye shuka la mjukuu wangu. Kinachosaidia ni kuifua peke yake kwa maji baridi mara kadhaa hadi maji yatoke meupe, na isipokubali, ishonwe na wenzake wa rangi yake.

Mraba umegeuka mshazari

Mtoto amepima kwa rula, amekata sawasawa, na mfuko ukishageuzwa unainama upande mmoja. Kitambaa kilikatwa kinyume na uzi wake. Kikikatwa mshazari kinavutika, na kadiri mtoto anavyokishika ndivyo kinavyorefuka.

Kwa khanga na shuka la pamba, acha mkasi. Tia mkato mdogo ukingoni, shika pande mbili, chana. Pamba iliyofumwa kawaida itachanika ikifuata uzi wake mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna rula itakayokupa mstari ulionyooka zaidi. Watoto wanaupenda sana mlio wake, wakianza hawataki kuacha, kwa hiyo wape kwanza kitambaa kisicho na kazi. Jinzi na fulana hazichanwi hivi.

Lakini khanga ina jambo lake. Picha yake imechapwa juu ya kitambaa, na mara nyingine pindo halifuati uzi. Ukichana kwa kufuata uzi, pindo litaonekana linapanda kama kilima. Utachagua. Kwa mkoba unaobeba kitu, mimi nafuata uzi. Kwa kitambaa cha ukutani au mto wa kochi, fuata pindo, jicho liridhike.

Na tukiwa kwenye khanga, kuna kosa moja linalowaumiza watoto moyo. Anakata kipande kirefu, anakikunja katikati, anashona pembeni, mkoba tayari. Upande mmoja unasomeka vizuri, "Mgeni njoo mwenyeji apone". Upande wa pili maneno yako kichwa chini. Kukunja ndiko kulikofanya hivyo, na akishamaliza hakuna njia ya kuyageuza. Kama anataka pande zote mbili zisomeke au mabata yaliyochapwa kwenye khanga yote yasimame kwa miguu, lazima akate vipande viwili na kuviunganisha kwa mshono chini. Kwa juzuu, vipande vya sentimita 30 kwa 35 vinatosha.

Kingo zinachomoka nyuzi, mshono unaliwa

Ameshona karibu mno na ukingo. Aache nafasi ya upana wa kidole gumba chake, kama sentimita moja na nusu. Khanga ikishachakaa huchomoka nyuzi haraka, na kwa mkoba napendelea mshono wa kujificha: kwanza unganisha vipande upande mzuri ukiwa nje, nusu sentimita kutoka ukingoni; punguza nyuzi zinazoning'inia; geuza mkoba ndani nje; piga pasi; shona tena sentimita moja kutoka kwenye mkunjo. Kingo zimefungiwa ndani. Mtoto wa miaka 8 anauweza, ingawa mara ya kwanza atakuambia umekosea kwa sababu umeanza na upande mzuri nje.

Uzi unafunga mafundo, unatoka sindanoni

Uzi mrefu mno. Watoto wanakata uzi mrefu ili wasitunge tena, kwa hiyo unajisokota na kujifunga. Urefu unaofaa ni kutoka vidole hadi kiwiko chako mtu mzima, basi. Upitishe juu ya mshumaa au kipande kikavu cha sabuni ya mche, na kila baada ya muda aiachie sindano ining'inie hewani mpaka imalize kuzunguka. Ukitoka tunduni kila dakika, ule mkia ni mfupi. Uachwe wa urefu wa kidole cha kati.

Kwa anayeanza, tafuta sindano yenye tundu kubwa. Mtoto wa miaka 5 au 6 nampa sindano ya gunia na kipande cha gunia lenyewe, nyuzi za sufu ya kufumia zilizobaki, na hashoni kitu chochote. Anapita juu, anapita chini. Akishazoea ndipo tunahamia kwenye kitambaa.

Mshono umevuta, kitambaa kimejikunja kama marinda

Mtoto akipiga bandi, yaani kushona kwa mkono kwa kupita juu na chini, anavuta uzi mpaka mwisho kila mara, akidhani kukaza ndiko kuimarisha. Usifumue. Kama fundo la mwisho halijafungwa, shika uzi kwa mkono mmoja, na kwa kucha za mkono wa pili telezesha kitambaa kuelekea mwisho mpaka kilale. Mfundishe kila baada ya vituo vitano aulaze mshono juu ya paja lake na kuupapasa kwa kiganja. Paja ndilo linalomwambia.

Kama ni fundo limeshafungwa na mvuto ni mdogo, piga pasi kwa kitambaa chenye unyevu na uendelee. Tahadhari na pasi ya mkaa: joto lake halina kipimo, ijaribu kwanza kwenye tambara, na ipepee nje ya mlango ili majivu yasidondokee kazi ya mtu.

Fulana inajiviringisha, mshono unakatika ikivutwa

Fulana haikufumwa kwa mtande na mshindio, imesokotwa vitanzi, ndiyo maana inavutika na ukingo wake unajiviringa. Haichomoki nyuzi, kwa hiyo haihitaji upindo. Uzi wa kushonea hauvutiki, fulana inavutika, na hapo ndipo mshono unapokatika. Apige vituo vya kwenda zigizaga, au aache fulana iwe kwenye vitu visivyovutwa.

Kishikio cha sufuria kinaunguza, au kimenata kwenye chuma

Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu mkono wa mtoto ndio ulio ndani.

Kikinata au kuacha utando mweusi mgumu juu ya sufuria, kitambaa chake si pamba. Mashati mengi ya mitumba, mapazia, hata baadhi ya khanga za siku hizi, yana poliesta, na poliesta huyeyuka kwa joto. Mtu mzima achukue nyuzi chache kutoka kwenye ukingo, azishike kwa koleo ndogo juu ya bakuli la maji, aziguse na moto wa kiberiti. Pamba huwaka, hunuka kama karatasi iliyoungua na huacha jivu laini linalosagika. Poliesta hujikunyata ikiukimbia moto, huyeyuka, na ikipoa inabaki tone gumu. Uzi wenye mchanganyiko utakupa vyote viwili, na huo nao usiutumie. Uzi wa kushonea pia uwe wa pamba kama unaupata.

Kikiunguza bila kuyeyuka, kuna sababu mbili. Ya kwanza ni wembamba: tabaka mbili za khanga si kishikio. Sisi tunaweka jinzi nje pande zote mbili na taulo kuukuu katikati, likikunjwa mara mbili. Ya pili inasahaulika, nayo ni maji. Kishikio kilicholowa kinapitisha joto mara moja hadi kwenye kiganja, na mtoto ndiye anayekiokota pembeni ya beseni la vyombo. Shona kitanzi pembeni, kitundikwe msumarini mbali na maji.

Tabaka nyingi hivyo hazipiti sindano kwa mikono midogo. Usimlazimishe. Mshono mnene wa jinzi ugonge kwa mchi juu ya jiwe mpaka ulainike, toboa njia kwanza kwa sindano nene, naye apitishe uzi kwenye matundu uliyoyafungua.

Mwanasesere ana mabonge, anavuja

Bado tunapata sufi hapa pwani, kutoka mito kuukuu ya bibi zetu. Ni nyepesi na laini, lakini ina tabia zake. Hupenya kitambaa chenye nyuzi zilizoachana, na mtoto anaamka na vinyuzi puani. Mwanasesere wa sufi awe na mfuko wa ndani wa kitambaa kilichobanana, kama mgongo wa shati, kisha ndipo avikwe khanga.

Mabonge yanatokana na kujaza kwa ngumi. Chambua kidogo kidogo, kiasi cha kushikika kwa vidole vitatu, anza miguuni na mikononi, sukuma kwa mpini wa mwiko. Kama unajaza kwa vipande vya nguo, vikate viwe vidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, maana kipande kikubwa hubaki na umbo lake milele. Shingo ikilegea, ilikuwa haina kitu. Shingo ndiyo inayotaka kujazwa kuliko tumbo.

Mshono wa kichwa ukiwa na pembe pembe badala ya mviringo, kabla ya kugeuza ilitakiwa kukata mikato midogo kuzunguka, ikisimama milimita 2 kabla ya uzi. Na macho: kama nyumbani kuna mtoto chini ya miaka 3, msishone vifungo wala shanga. Hung'oka, humezwa, hukaba. Shonea macho kwa uzi.

Cherehani inafunga kiota cha uzi chini ya kitambaa

Mtoto mkubwa akizungusha cherehani ya mkono, na mtu mzima akiwa pembeni, kitambaa kikitoka na kiota chini, kila mtu anakimbilia bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Bobini haina kosa. Uzi wa juu ndio uliolegea. Mara nyingi ulitungwa wakati mguu wa cherehani umeshushwa, na visahani vya kubana uzi vilikuwa vimefunga, uzi ukapita juu yake badala ya katikati. Nyanyua mguu, toa uzi wote, tunga upya toka mwanzo. Vitanzi vikiwa juu ya kitambaa, basi hapo ndipo uangalie bobini.

Ikiruka vituo, badilisha sindano kabla ya kugusa kitu kingine. Sindano iliyopinda kidogo au kupachikwa vibaya haidaki uzi. Uzi siku zote huingilia upande wenye mfereji mrefu, na ule ubapa wa shina uwe upande wa pili. Namba 11 kwa khanga, 14 kwa shuka na shati, 16 kwa jinzi. Mafuta yawe ya cherehani. Mafuta ya nazi huganda, unayaona mwenyewe yanavyokuwa meupe kwenye chupa asubuhi za kusi, na ndani ya mashine huacha ulimbo.

Sindano za mkono nazo, kwa hewa yetu ya chumvi, zinashika kutu wiki hiyo hiyo, na sindano yenye kutu inavuta nyuzi na kuacha doa la kahawia. Zichomeke kwenye kipande cha fulana kilichopakwa mafuta ya cherehani kidogo, zifungwe ndani ya kopo. Nazihesabu kabla ya kuanza na kabla ya kukunja mkeka. Zikiwa 11 badala ya 12, hakuna anayeondoka wala kutembea pekupeku mpaka ya 12 ionekane.

Mtoto ameacha katikati, hataki tena

Pengine kazi ilikuwa kubwa. Sketi ya lastiki haimalizwi kwa siku moja na mtoto wa miaka 7. Kifuko cha kalamu kinamalizwa kabla ya magharibi. Pengine anatumia mkono wa kushoto na umemkalia kulia. Kaa mbele yake mkitazamana, akufuate kama kioo.

Na pengine ni wewe. Mwaka mmoja mjukuu wangu alishona mto mdogo, mshono unakwenda kama njia ya mbuzi. Usiku akiwa amelala nikaufumua wote nikaushona upya vizuri, nikijua atafurahi. Asubuhi aliushika, akaugeuza pande zote mbili, akaniambia, "Huu si wangu, bibi." Akauweka chini. Zilipita wiki nyingi hajagusa sindano, na ilinichoma, kwa sababu alisema kweli.

Siku hizi mshono wa mtoto ukiwa dhaifu hausumbuliwi. Nageuza kazi ndani nje, napitisha mstari wangu milimita 3 kando ya wake, upande wa kwenye kitu chenyewe, kwa uzi wa rangi ya kitambaa. Wangu unabeba mzigo. Wake ninauacha palepale ulipo.